Tempe ya Kuungua Kidogo

Yu Wagiyem hakuuza hata fungu la mchicha kabla ya kuuliza, "Jana mlikula nini?" Kila asubuhi saa moja aliusukuma mkokoteni wake wa mboga kwenye uchochoro wetu mjini Salatiga, akigonga kibao cha mwanzi, na tangu utoto wangu sikumsikia akiliruka swali hilo. Sote tulimwita Yu, yaani dada. Jibu lako ndilo lililoamua utaondoka na nini. Aliyekula mchuzi wa nazi jana alipewa mboga za ukwaju leo, atake asitake.

"Yu, nipe kisamvu," jirani yetu Bu Rustini alisema siku moja.

"Jana ulikula kisamvu."

"Kwani tumbo ni langu au lako?"

"Tumbo lako, lakini mumeo ananilalamikia mimi. Chukua boga hili. Ukishatia nazi usifunike sufuria, na usiache kukoroga, tui lisije likakatika."

Hakumaliza darasa la tatu, lakini alijua jiko la kila nyumba: nani kakatazwa chumvi, nani ana mkwe mvivu wa kumenya vitunguu.

Mama alipofariki nilirudi kukaa na Baba, fundi cherehani aliyeshonea nyumbani maisha yake yote. Hakulia. Aliacha kula tu. Kila asubuhi nilimwekea wali na tempe ya kukaanga, ule mkate wa soya iliyochachushwa, kifungua kinywa chake cha miaka yote, naye aling'ata kipande kimoja, akakirudisha pembeni ya sahani kwa adabu, kama mgeni.

"Nzuri," alisema. "Lakini siyo."

Nilibadilisha mafuta. Nilikata vipande vyembamba zaidi. Mwezi wa pili, Baba alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake.

Asubuhi moja Yu Wagiyem aliponiuliza jana tulikula nini, nilimwambia kwamba Baba hataki kula. Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akifunga maharage mabichi kwa kamba ya mgomba.

"Unaikaangaje?"

"Nairoweka kwenye kitunguu saumu, giligilani na chumvi. Moto wa wastani. Naitoa ikiwa rangi ya dhahabu."

"Na muda wote huo umesimama jikoni?"

"Sasa nisimame wapi, Yu?"

Bu Rustini, aliyekuwa akichagua mboga kando yangu, akaanza kucheka.

"Mwanangu," alisema Yu Wagiyem, "mama yako hakupika tempe ya rangi ya dhahabu hata siku moja. Akisikia kibao changu, anaiacha kwenye mafuta anakuja hapa kupiga soga. Tukisikia harufu, ndipo anakimbia."

"Kila siku?"

"Kila siku. Wewe ulikuwa umeshakwenda shule. Nilimwambia azime moto kwanza. Alisema baba yako hajawahi kulalamika."

Kesho yake nilitia tempe kwenye mafuta, nikatoka nje. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Miguu ilitaka kurudi.

"Tulia," alisema Yu Wagiyem. "Hebu tuambie, hao wanafunzi wako wa chuo wanaibaje mtihani?"

Nikawasimulia kuhusu kijana aliyeandika majibu kwenye ganda la ndizi, akasahau akala ndizi na kutupa ganda. Bu Rustini alishika mkokoteni asianguke. Nami nilijikuta nacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha harufu ikatufikia, nikakimbia.

Vipande vilikuwa vyeusi pembeni, vigumu. Baba aliitazama sahani kwa muda. Akatia kimoja mdomoni, kikalia kama kijiti kikavu. Akala cha pili. Alivimaliza vyote sita, akasogeza sahani niongeze wali.

"Haya," alisema bila kuinua uso, "Wagiyem kasema nini leo?"

Nikamsimulia habari ya ganda la ndizi. Kumbe Mama alikuwa akirudi na vyote viwili, tempe iliyoungua na maneno ya mkokotenini, na mimi nilikuwa nimemnyima Baba vyote viwili.

Miaka minne baadaye magoti yalimshinda Yu Wagiyem, na binti yake akaja kumchukua wakaishi pamoja katika mji jirani wa Boyolali. Asubuhi ya mwisho alipita uchochoroni bila mboga, akigonga kibao chake, kutuaga tu. Nilimshika mikono. Tukasimama hivyo mpaka harufu ikaanza kutoka jikoni kwangu. Nikageuka nikimbie, lakini hakuniachia.

"Bado, mwanangu," alisema. "Hiyo haijaungua vizuri."