Dishon Amolo Anatolewa kwa Dala ya Babake

Baba yangu, Dishon Amolo, alikuwa fundi wa baiskeli hapo Kibuye, Kisumu, na hakuwa mtu wa kukaa chini. Hata chakula alikuwa anakula akisimama. Mkono mmoja ugali, mkono mwingine anazungusha gurudumu, na mdomo unabishana na mwenye baiskeli juu ya Adamu na Hawa. Miaka arobaini na tatu, kichwa imeanza kuwa nyeupe, na bado nyumba yake ilikuwa kwa dala, yaani boma, ya babake huko Seme, ukipita Kombewa kidogo. Hiyo ndio ilikuwa inamwasha.

Kwetu kijana anajenga simba, nyumba yake ndogo, ndani ya dala ya baba. Anaoa hapo, anazaa hapo. Lakini siku moja lazima atoke aanze dala yake, na hawezi kujitoa mwenyewe. Babake ndio anamtoa. Asubuhi mapema mzee anatangulia mbele, mwana anafuata, mtoto wa kwanza wa huyo mwana amebeba jogoo na shoka, na bibi ya huyo mwana amebeba moto kwa kipande cha chungu. Mzee anaonyesha mahali, nguzo inachimbiwa, na nyumba inajengwa iishe siku hiyo hiyo. Mzee akikufa kabla, unabaki mikononi mwa ndugu zake. Na ndugu za babu yangu walikuwa wanaitaka shamba yake kwa macho yote.

Mimi ndio mtoto wa kwanza, Oduor, msaidizi wake hapo Kibuye. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na msichana anaitwa Lornah, na singeweza kusimamisha hata kijiti kimoja, kwa sababu mjukuu hajengi simba kwa dala ya babu. Kwa hivyo tulikuwa tumepanga laini, mimi nyuma ya baba, baba nyuma ya babu, mzee Amolo, na mzee Amolo alikuwa na kifua mbaya kabisa.

Mwaka wa sabini na tano mzee akakubali. Akasema mwezi wa nane, mahindi ikishatoka shambani. Baba akakata nguzo, akazilaza kando ya njia. Halafu akaharibu.

Ilianza na Mzungu. Bwana Keller, Mwamerika, alikuwa anachimba visima, anakaa Milimani na bibi na watoto wanne, na hao watoto walikuwa wanavunja baiskeli kila wiki. Baba alikuwa anaenda kuzitengeneza huko huko. Jumapili moja akawakuta wanasali kwa sebule, wao wenyewe, bila pasta, na mkate na maji.

"Nyinyi ni kanisa gani?" baba akauliza.

"Mormoni."

"Mnaamini nini ambayo sisi hatuamini?"

Mzungu akakwepa, ati yeye hakutumwa kuhubiri, alitumwa kutafuta maji. Lakini baba ukimnyima jibu anakuwa kama kupe. Mwisho Keller akamwambia hivi: Mungu ni Baba kweli kweli, si baba wa kuimbiwa tu. Sisi ni watoto wake. Na mtoto anakua anafanana na mzazi. Kwa hivyo mtu akifuata njia ya Mungu mpaka mwisho, anaweza kukua hata awe kama yeye.

Jioni hiyo baba hakula hata kwa kusimama.

"Oduor, umesikia? Mzungu ameeleza dala!"

"Dala gani?"

"Hii dunia ni simba, bana! Mungu ametuweka hapa tukue. Unadhani anataka tukae kwa simba milele, tunapiga kayamba tu? Baba gani anataka hivyo? Anataka kututoa!"

Nikamwambia arudishe hayo maneno Milimani kabla hayajatuletea shida. Wapi. Kila mteja aliambiwa. Vijana wa Kibuye wakaanza kumwita Nyasaye wa Spoku, Mungu wa Spoku.

"Nyasaye, tubu ya baiskeli yangu imekufa, ifufue!"

Baba anacheka, anaweka kiraka, anaendelea kuhubiri. Mimi sikuwa nacheka. Mmoja nilimpiga na pampu.

Halafu tukaenda nyumbani Seme wikendi, na kanisani wakaitisha ushuhuda. Mama yangu, Awuor, akamshika baba koti. Koti ikabaki kwa mkono wa mama, baba akasimama. Akasema yote. Mungu ni Baba, sisi tutakua, tutakuwa kama yeye. Nicodemus, mzee wa kanisa na jirani yetu, akachukua kofia akatoka, na hakwenda kwake. Alienda kwa babu.

Tulipofika, babu alikuwa mlangoni na blanketi yake, watu wamejaa kama wameitwa matanga.

"Dishon. Nasikia unataka kuwa Mungu."

"Kama Mungu, baba. Si kusema..."

"Basi mimi nikuonyeshe shamba ya nini? Mungu anaonyeshwa shamba? Panda huko juu, uchague mwenyewe!"

Watu wakacheka sana. Babu hakucheka.

"Jumapili ijayo utasimama pale ulisimama leo, useme umekataa hayo maneno. Usiposema, utakaa kwa simba mpaka unizike. Halafu wadogo zangu watakutoa, wakipenda."

Nilitaka kumrukia Nicodemus, mama akanikanyaga mguu.

Jumatatu baba akaenda Milimani, nikamfuata. Alikuwa na wazo moja kwa kichwa: abatizwe, Keller aandike barua, ili babu aone hii si wazimu ya fundi wa baiskeli, ni kanisa nzima. Keller aliposikia, akakaa kwa ngazi ya nyumba, uso mwekundu.

"Siwezi kukubatiza, Dishon. Kanisa haijafunguliwa upande huu. Na kuna kitu ingine. Sitakuficha. Wanaume wetu wote wanapewa ukuhani. Bila huo, ile njia nilikuambia haifiki mwisho. Na kwa sasa kanisa yetu haiupatii mtu mweusi."

Baba akageukia baiskeli ya mtoto mdogo wa Keller, ile alikuwa ameanza kutengeneza breki. Mimi ndio nilisema.

"Kwa hivyo nyinyi mnatolewa dala, sisi tunabaki simba?"

"Kwa sasa," Keller akasema. "Sijui kwa nini. Sijui mpaka lini. Naona haya."

"Haya itatusaidia nini? Tutaitia kwa chai?"

Nilikuwa nimeshika spana, na sijui ningeifanya nini. Baba akaninyang'anya, akaiweka kwa mfuko, akamalizia breki ya yule mtoto mdogo. Kweli. Alipiga magoti akaimalizia.

Tukishuka kwenda mjini nikamfokea.

"Sasa kataa, baba! Hata wenyewe hawakutaki. Unashikilia nini?"

Alikuwa anatembea mbio, nakimbia nyuma yake. "Hao wanasema ngoja. Lakini hao ndio walinizaa? Mungu akiwa Baba, ni Baba hata kama hao wamefunga mlango."

"Na shamba?"

"Oduor, nikidanganya kanisani ndio nipate dala, hiyo dala itakuwa ya nani?"

"Yangu na Lornah! Danganya!"

Akasimama katikati ya barabara, akaniangalia kama mtu ameletewa baiskeli si yake. Halafu akaendelea kutembea. Wiki hiyo nzima nilikuwa natengeneza tubu kwa hasira, zinatoboka tena siku hiyo hiyo.

Jumamosi tukarudi Seme. Babu alikuwa kwa kitanda, kifua inalia kama karai inakwaruzwa. Baba akachuchumaa karibu. Mimi nikabaki mlangoni, tayari kugombana na yeyote.

"Kesho sitasema nimekataa," baba akasema.

"Basi," babu akasema. "Nenda."

Baba hakwenda. "Baba, wakati babako alikutoa, ulimpindua?"

"Nimpindue namna gani? Alikuwa baba."

"Ukapata dala kama yake. Mlango wako, bibi, watoto."

"Kama yake, ndiyo."

"Alipungua?"

Babu akavuta blanketi. Akatafuta pumzi ya kuuliza.

"Na mimi? Ukishakuwa hiyo kitu yako, mimi nitakuwa nani? Utanijua?"

Hapo ndio nilielewa mzee hakuwa anamtetea Mungu. Hasira ikaniishia, nikakaa chini.

"Utakuwa mbele, baba," baba akasema. "Anayetolewa hatangulii. Hata nikifika wapi, mgongo wako ndio nitaona."

Babu akakohoa, akakohoa, halafu akasema, "Mgongo uko. Miguu ndio imeisha. Na mzee akibebwa kama gunia, amemtoa nani?"

Baba alikuwa amesimama tayari. "Hatutakubeba. Mama Oduor! Tafuta jogoo!"

"Leo?" mama akapiga kelele kutoka jikoni.

"Kesho, kabla jua itoke!"

Asubuhi ya Jumapili tukamkalisha babu kwa baiskeli. Si nyuma kwa karia, hapana. Baba alimweka kwa ile bomba ya mbele, kati ya kiti na hendeli, amefungiwa blanketi chini, fimbo mkononi. Baba anasukuma kutoka nyuma. Kwa hivyo babu ndio alikuwa ametangulia, na hakuna mtu angesema amebebwa. Mimi nyuma na jogoo na shoka, mama na moto.

Nicodemus alikuwa anafunga tai aende kanisani. Akatuona.

"Dishon! Mbinguni siku hizi wanaenda na baiskeli?"

"Nicodemus," babu akamjibu, "ng'ombe yako iko kwa mboga yako. Hubiria hiyo."

Tulipofika kwa shamba, baba akasimamisha. Babu akatingisha fimbo. "Mbele." Tukasukuma. "Hapa?" "Mbele bado." Matope, mawe, jogoo ananinyea kwa mkono, na mzee anatuzungusha. Nilikuwa karibu kupasuka. Halafu akagusa chini na fimbo, mahali unaona ziwa kidogo kati ya miti.

"Hapa."

Baba akachukua jembe, akaanza kuchimba shimo ya nguzo ya kwanza. Alikuwa anachimba kama anafukuzwa. Babu alikuwa bado juu ya baiskeli, mimi nimeishika isianguke, na nikasikia anafikiria kwa sauti.

"Dishon."

"Baba."

"Huyo Mungu. Yeye alitolewa na nani?"

Baba akasimamisha jembe. Jasho inamtoka, anaangalia shimo, anaangalia babake.

"Nilimuuliza Mzungu. Hakujua."

"Na wewe?"

"Mimi pia sijui, baba. Lakini inanisumbua sana."

"Chimba," babu akasema. "Nyumba ni ya leo."