Bamba la Kuyeyuka Mfupani

Walimwita Mama Tupa, kama ile tupa ya kusugulia chuma, maana hata mezani vidole vyake vilisugua ukingo wa kijiko kana kwamba kuna mahali hapajalainika. Alikuwa mkereza vyuma, mchongaji wa mashine, na kutulia hakukujua.

Kilichomtoa karakanani ni mguu wa kaka yake, dereva wa lori. Ulipovunjika aliwekewa bamba la chuma. Vijidudu vikajificha chini yake, usaha ukawa hauishi, akapasuliwa mara tatu. Mama Tupa alimfuata daktari wa mifupa na kumuuliza, bila hata kuketi, kwa nini kitu cha kusaidia kwa muda kikae mwilini milele. Daktari akamweleza kwamba yeye na wenzake wanatafuta bamba la kushika mfupa hadi uunge, kisha liyeyuke lenyewe huku likiua vijidudu. Walichokosa ni mkono wa kulichonga kwa umbo la mfupa wa kila mgonjwa. Wiki iliyofuata alikuwa maabara.

Bamba la kwanza, la magnesiamu, waliliweka mguuni mwa kondoo. Liliyeyuka upesi mno. Gesi ikajaa chini ya ngozi, mguu ukavimba kama kiriba. Mama Tupa akasema yamemfika shingoni, anarudi kwenye kukereza. Kesho yake alikuwa wa kwanza mlangoni. Wakaongeza zinki, wakapunguza, wakaongeza tena. Miaka minne alizunguka chupa za maji ya chumvi walimolowekwa vipande vya bamba, akipima kila kipande kimeliwa kiasi gani, hata daktari akamtania kwamba maji nayo yamechoka kutazamwa.

Mtu wa kwanza kupewa bamba hilo alikuwa fundi cherehani, aliyeanguka ngazini akavunjika mkono, mfupa ukatokeza nje na kuingia mchanga. Mama Tupa alichonga kwa kufuata picha za mkono ule, kisha akaenda kumwona wodini.

“Likishayeyuka linakwenda wapi?” fundi akauliza.

“Damu inalibeba, figo zinalitoa.”

“Kwa hiyo kazi yako yote nitaikojoa.”

“Na iwe hivyo, dada.”

Siku ya nne baada ya kuwekewa bamba, homa ya fundi ilipanda. Mama Tupa alipima ukumbi wa hospitali kwa hatua. Kidonda kilipofunguliwa kilikuwa kikavu. Homa ilitoka kifuani, ikapoa kwa dawa. Baada ya mwaka na nusu, picha ilionyesha mfupa mtupu, ulioungana. Bamba halikuwepo.

Alimpelekea kaka yake picha ile. Kaka aliitazama sana, kisha akauliza kama mguu wake nao ungetengenezeka. Mama Tupa alimwambia kweli: mfupa wake ulishaliwa na vijidudu na kuunga ukiwa umepinda, hapakuwa na la kuchonga.

“Usinitazame hivyo,” kaka akasema. “Mguu huu nimeshauzoea. Nenda kwa wanaokungoja.”

Alifika maabara macho mekundu. Mezani palikuwa na picha za kifundo cha mguu cha mwashi mmoja. Akapima, akachora, akaona amekosea kwa unene wa unywele, akaanza upya.