Wanawake Niliowaacha Nje ya Karatasi

Majani yaliyofyekwa, yakilala siku chache kwenye udongo wenye unyevu, hutoa harufu tamu yenye uozo kidogo ndani yake. Hiyo ndiyo harufu ya Ukata, kijiji chetu cha milimani, masika yakielekea ukingoni: wanaume wakifyeka na kuyapanga majani miraba miraba mlimani, wanawake wakichimba katikati ya kila mraba na kuyafukia kwa udongo. Mashimo hayo tunayaita ngoro. Maharage hupandwa kwenye kingo zake, na maji hukaa shimoni badala ya kuteremka na shamba zima.

Mwaka mmoja, enzi za Waingereza, nikiwa msichana wa darasa la tatu, jirani alidai kwamba mteremko wa bibi yangu ulikuwa wa ukoo wake. Jumbe akaitisha baraza. Bibi alikuwa amevimba miguu, na baba mdogo, aliyetakiwa kwenda kwa niaba yake, alikulia kwenye mashamba ya mkonge. Ya nyumbani hakuyajua. Basi nikaitwa na penseli yangu, niandike kisha nikasome barazani. Bibi alitaja kwa Kimatengo, nami nikaandika kwa Kiswahili: mababu watano waliolima mteremko ule na, kwa kila babu, wake zake. “Usiache hata mmoja, mjukuu wangu,” alisema. Wanawake nikawaacha wote. Shuleni historia ilikuwa ya machifu na vita vyao, nami nilijiona msomi kuliko bibi.

Barazani nilisoma bila kukwama. Jumbe akasikiliza, kisha akauliza, “Hao ni wafyekaji. Nani alichimba?” Nilikumbuka majina mawili tu, nikayataja kwa kigugumizi, wazee wakasema mtoto anabuni. Mke wa jirani akasimama, akataja wanawake wa ukoo wao, kila mmoja na sehemu aliyochimba. Nadhani alidanganya, lakini alidanganya kwa majina. Mteremko ukaenda kwao.

Bibi hakunipiga. “Ulichoka kuandika?” aliniuliza. Nikaitikia ndiyo, na huo ukawa uongo wangu wa pili, baada ya ule wa karatasi. Majuto ni mjukuu, wanasema. Katika ukoo wetu mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi.

Leo naitwa profesa. Nimeandika vitabu vya historia ya milima hii na ufuko wa Nyasa, na wasomaji husifu kwamba hata wanawake wa Lipingo waanikao usipa, wale dagaa wa ziwani, wametajwa kwa majina. Sifa hizo nazipokea kwa adabu. Wake za mababu zangu, ukiondoa wale wawili, sijawapata popote. Bibi aliishi mwaka mzima baada ya baraza, akilala chumba kimoja nami, na niliona aibu kumwomba anitajie tena.