Siku Kiswahili Kiliponitoka Kinywani

Ndugu zangu, mnisamehe nikiongea polepole. Naitwa Anastazia, mwalimu wa Kiswahili, naishi Katandala. Nilikuwa na presha, lakini nilijiona mzima, nikaacha vidonge.

Asubuhi moja nikiwa darasani chaki ilinidondoka. Mkono wa kulia ukafa ganzi, mdomo ukaenda upande, mate yakanitiririka hadi kifuani. Nilitaka kusema "niiteni mwalimu mkuu," ikatoka "ta, ta, ta." Watoto wakacheka, kisha wakakimbia.

Hospitalini daktari akasema, "Ni kiharusi. Kimegusa sehemu ya ubongo inayotunza maneno." Nilimwelewa vizuri kabisa. Lakini shemeji yangu alisimama miguuni pangu akamwambia mume wangu, "Huyu hana akili tena. Msimsumbue na maswali." Nilimsikia! Hasira ilinipanda hadi kitanda kikatikisika.

Siku ya tano mama yangu alifika kutoka kijijini kwetu Pito. Alinifuta uso huku akinisemesha Kifipa, lugha yetu ya nyumbani, na mdomo wangu ukajibu. Nikaomba maji, kwa Kifipa.

Muuguzi akasema, "Anaropoka tu."

"Haropoki!" mama akamfokea. "Anataka maji. Wewe ndiye hujui anachosema!"

Daktari akasogea. "Mama, endelea kumsemesha hivyo hivyo kila siku."

Nililia mbele ya mama. Miaka yote darasani niliwavisha watoto kibao cha adhabu shingoni wakiongea lugha hiyo. Niliwaambia ni ya washamba. Nilijikasirikia kuliko nilivyomkasirikia shemeji.

Kiswahili kilirudi kama kwa mtoto mchanga. Kwanza neno moja: "Chai." Baada ya wiki, mawili: "Chai moto." Ngeli zilinichanganya. Mimi, mwalimu, nilisema "mtu kikubwa," wageni wakaangua kicheko sebuleni kwangu. Nikawafukuza kwa mkono wa kushoto. Ilinichukua mwaka mzima kusimama tena mbele ya darasa. Kile kibao nilikitia jikoni, kikaivisha maharage.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na mama kuliko wote. Nanyi mezeni vidonge vyenu. Mkiwa na mgonjwa asiyeweza kusema, msimsengenye mbele yake, yumo humo ndani. Msemesheni kwa lugha aliyokulia. Akianza sentensi, msimmalizie. Mngojeni, hata chai ipoe.