Mawifi Wawili wa Mlima Ajuza

Dolina Urquhart ni mpishi wa shule yetu hapa Inverlaggan, na ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na watoto na masufuria kwa wakati mmoja. Wifi yake, Seonag, anaendesha gari la maktaba linalozunguka vijijini. Yeye husema polepole, kila neno limepigwa pasi. Tangu Dolina aolewe na Lachlan, kaka yake Seonag, wanawake hawa hawajapata kukubaliana juu ya jambo lolote la huku bondeni. Chumvi kwenye uji, rangi ya mapazia, jina la paka, yote yamewahi kuzua vita.

Lakini baridi ikikaza, na Ajuza, mlima wetu, akajitanda theluji yake, utawaona wakitoka kijijini asubuhi na mapema, kamba moja begani. Seonag ndiye aliyemfundisha Dolina kupanda, majira ya kwanza ya ndoa ile, kwa nia (Dolina anaapa) ya kumtisha arudi kwao. Hakutishika. Aliupenda mlima kupita alivyompenda mume, na Lachlan mwenyewe hulisema hilo bila kinyongo, maana humpa nafasi ya kulala mchana.

Majira ya baridi siku hizi hayaeleweki. Leo barafu, kesho mvua, keshokutwa matope. Kwa miaka kadhaa barafu ya Koo, lile korongo jembamba linalopasua uso wa Ajuza upande wa kaskazini, ilikuwa haijashika sawasawa. Basi Februari moja, theluji ilipoanguka mfululizo huku upepo ukivuma, kisha anga likatakata na baridi ikauma, Dolina hakukalika.

"Koo limeganda, wifi! Nimeliona kwa darubini. Buluu tupu!"

"Taarifa ya theluji umesoma?"

"Nimesoma."

"Imesemaje?"

"Ina maneno mengi."

"Imesema hatari ni kubwa kwenye miteremko yote inayotazama kaskazini na mashariki. Upepo umezoa theluji upande ule ukaimwaga upande huu. Imelala juu ya ile ya zamani wala haijashikana nayo. Ukikohoa tu, inashuka."

"Basi sitakohoa."

Walikwenda hivyo hivyo, Seonag akisema kutazama si kupanda. Mbali kidogo na mdomo wa Koo, mahali pasipo na mteremko wa kutisha, wakachimba shimo kwa beleshi, wakakata kipande cha theluji chenye tabaka zake zote. Seonag akakigonga kwa kiganja. Tabaka la juu likachomoka zima zima, kama droo iliyopakwa sabuni.

Seonag alimtazama tu Dolina, ule mtazamo wake wa mtu aliyerudishiwa kitabu kilichomwagiwa chai.

"Haya, nimeona!" Dolina akasema. "Usinitolee macho. Twende zetu kwenye mgongo."

Mgongo wa Ajuza ni mwamba na barafu, upepo haukuacha theluji ya kumwangukia mtu. Wakafunga meno ya chuma chini ya buti, wakashika mashoka yao ya barafu, wakapanda kwa kupokezana, mmoja akisonga mwingine akishika kamba. Jua lilikuwa limetoka. Dolina aliimba nyimbo zake mbovu. Kileleni wakala biskuti za siagi, na Seonag akakiri kwamba mpando ulikuwa mzuri, jambo ambalo Dolina alimwomba alirudie, naye akakataa.

Waliteremka hadi karibu kabisa na zizi la zamani la kondoo. Hapo pana kamteremko kafupi ambako watoto wa kijiji hujitereza kwa mifuko ya plastiki. Dolina akaketi chini, akakusanya koti lake.

"Ngoja," Seonag akasema. "Hako nako kanatazama mashariki."

"Wifi, hapa wanacheza watoto wa chekechea!"

Akajisukuma.

Theluji ikaguna. Seonag anasema haikuwa sauti kubwa, ilikuwa kama mtu mnene ameketi juu ya godoro. Ufa ukakimbia juu ya mteremko kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha kila kitu kikaondoka pamoja na Dolina ndani yake. Mteremko wenyewe ulikuwa mfupi, lakini chini yake pana kijito chenye kingo za juu, na theluji yote ilikwenda kujazana humo. Ilipotulia, palikuwa pamelala shwari kama kitanda kilichotandikwa.

Ikishasimama, theluji ya namna hiyo hukaza kama saruji. Dolina alikuwa amewahi kuleta mkono mbele ya uso, ndiyo maana alipata nafasi ndogo ya kupumua. Hakuweza kugeuza hata kidole. Hakujua juu ni wapi wala chini ni wapi.

Juu, Seonag alitoa kile kifaa wanachofunga kifuani, ambacho husikia mlio wa mwenzake hata chini ya theluji. Akafuata mlio kwa magoti, akachomekachomeka fimbo ndefu hadi ikagusa kitu laini, akaanza kuchimba. Ni mwanamke mwembamba wa miaka sitini. Alichimba kama mbwa.

Sisi wa kikosi cha uokoaji tulipofika, baada ya Seonag kutupigia simu, tulimkuta Dolina ameketi juu ya mkoba, midomo ya buluu, mkono umefungwa kwa skafu, mfupa wa bega umevunjika.

"Mmechelewa," akatuambia. "Wifi ameshanifukua kama kiazi."

"Ulikuwa unamwita wakati unachimba?" nikamuuliza Seonag, maana tunatakiwa kuandika yote.

"Nilichimba kimya. Pumzi ya kupiga domo ningeipata wapi?"

Dolina akanitazama, akanikonyeza. Sikuelewa.

Nilikuja kuelewa mwezi wa Machi. Kazi yangu ya kila siku ni ufundi bomba, na nilikuwa nimelala chini ya sinki jikoni kwa Lachlan. Dolina ameketi mkono ukiwa bado kwenye kitambaa, Lachlan anasoma gazeti pembeni, Seonag amesimama jikoni kwa mwenziwe, akipika supu ya shayiri.

"Haina chumvi," Dolina akasema.

"Ina chumvi ya kutosha."

"Wifi, hata shuleni ningewapa watoto hii, wangeandamana."

Seonag akatua mwiko. "Ningejua, ningekuacha kule kule chini!"

"Usingeniacha," Dolina akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Nilikusikia."

"Ulisikia nini? Theluji haipitishi sauti."

"Ya kutoka chini haipiti. Ya juu inashuka vizuri tu. Nilipiga kelele hukunisikia, lakini mimi nilikusikia neno kwa neno. 'Dolina, mshenzi we, usife. Nitagombana na nani mimi?' Hivyo ulivyosema. Tena ukilia."

Mimi nilibaki chini ya sinki, spana mkononi, sithubutu kukohoa.

"Ukasema tena," Dolina akaendelea, "kwamba wewe ndiye uliyeikalia keki yangu ya harusi."

Lachlan akashusha gazeti. "Keki ipi? Ile iliyoharibiwa na mbwa?"

"Maskini mbwa yule, tulimpeleka kwa shangazi kwa ajili ya keki ile!" Dolina akasema, akaanza kucheka, akashika bega kwa maumivu, akaendelea kucheka.

Seonag alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Kiti kilikuwa gizani," akasema. "Nilidhani ni mto."

"Sasa mbona hukuniambia siku zote hizo?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa bibi harusi. Ulikuwa tayari unanichukia."

"Sikuwa nakuchukia. Nilikuwa nakuogopa."

Seonag akageukia sufuria, akakoroga kwa muda mrefu kitu kisichohitaji kukorogwa. Kisha akachota chumvi, akatia. Dolina akaionja, akasema sasa imezidi.

Bega lilipona kabla ya majira ya joto. Desemba walikwenda tena, nami nikawaona kwa darubini wakipita kando ya zizi, mbali na mteremko, Dolina mbele. Koo halikushika barafu mwaka huo, mvua ililiosha lote. Wakapanda mgongo, wakarudi wamelowa chapachapa, wakibishana kama supu ile ya Machi ilikuwa ya shayiri au ya dengu.