Mtoto Huyu Anaagwa

Binti yangu alichukua mtoto wa kulea hapa Dubai. Likizo yake ya kazi ilipokwisha tukatafuta nasari, na afisa wa ustawi wa jamii akaja kuikagua, maana bila idhini yake mtoto haendi.

Mwalimu wa pale, Mkenya, akatuelekeza, "Akianza kucheza, tokeni polepole asiwaone."

"Aliyemzaa alitoka hivyo hivyo," nikamwambia. "Mjukuu wangu mimi namuaga usoni."

"Shosho, atalia, awalize na wenzake."

"Na walie."

Afisa alipofasiriwa maneno yetu, aliidhinisha kwa sharti hilo: mtoto aagwe kila siku.

Mwanzo alilia mpaka sauti ikamkauka. Siku hizi adhuhuri nikienda kumchukua namkuta kakaa karibu na mlango, kashavaa viatu, wala hashangai kuniona.