Majina Aliyoyaandika Fundi Kinyua

Kabla siasa haijamwingia, Kinyua alikuwa seremala mjini Kitale. Ufundi aliupata kwa Darshan Singh, Kalasinga mwenye karakana ya mbao, ambaye hakumruhusu kugonga hata msumari mmoja mpaka alipojua kunoa randa. Alinoa mwaka mzima. Siku hizi kijana hushika nyundo Jumatatu, na Ijumaa anajiita fundi.

Shule aliiacha darasa la nne. Mengine aliyasoma kwenye magazeti ya kufungia misumari. Alikwenda kila kijiji kutia watu milango, na enzi hizo mlango mpya ulikuwa sherehe: jirani ndiye aliyeupita kwanza, akakaribishwa chai. Humo vijijini aliliona josho lililokauka huku ng'ombe wakifa kwa kupe, na kivuko cha mto alipozama mama mja mzito. Alipotaka ubunge mwaka 1988, alizungumzia hayo mawili tu.

Ulikuwa mwaka wa mlolongo. Mtu alisimama mchana kweupe nyuma ya picha ya mgombea wake, chifu akimwona, jirani akimwona. Mlolongo wa Kinyua ulizunguka uwanja mzima. Lakini alijua hesabu huibwa, na fundi hupima mara mbili. Akampitisha karani wake na daftari, aandike jina la kila mtu na mahali anapoishi. Msimamizi alipomtangaza mwingine, Kinyua alilipeleka daftari ofisini kwa mkuu wa wilaya kama ushahidi. Lilipokelewa kwa heshima. Halikurudi.

Mwisho wa 1991 mapigano ya kikabila yakazuka, nyumba zikachomwa. Kinyua alipita akiitambua milango yake majivuni, kwa bawaba tu. Kwa Sellah, aliyeandikwa wa kwanza daftarini. Kwa wa pili. Kwa wa tatu. Huenda upande ule wote uliungua, aliyeandikwa na asiyeandikwa; hakuwa na njia ya kujua. Tangu hapo, kila alipotembea alisikia nyayo nyingi nyuma yake, zikifuatana. Akigeuka, barabara tupu.

Mwaka uliofuata vyama vikawa vingi na kura ikawa ya siri. Chama kimoja kikampa fomu ya kugombea, yenye nafasi za wapiga kura wa kumpendekeza. Kinyua akaenda Bungoma, kwenye uwanja wa kanisa walikokimbilia watu wake.

"Fundi, umekonda mpaka suruali inakutoroka!" Sellah akasema, na waliokuwa karibu wakacheka. Mumewe alikuwa amefia njiani wakikimbia.

"Nimekuja kuwaona tu, mama."

"Ati kutuona! Na hiyo karatasi mfukoni ni ya kufungia sukari?"

Watu wakainuka. Hakuna aliyewapanga. Walisimama vile walivyosimama mwaka ule, kila mmoja nyuma ya yule yule, na aliyekufa wakamwachia nafasi yake.

Kinyua alishindwa kutoa kalamu. "Ni mimi niliyewaandika," alisema. "Lile daftari nililipeleka kwa mikono yangu."

"Tunajua," Sellah akasema. "Lakini waliotuchoma walihitaji daftari la nini? Si walikuwa wanakula kwangu, bana?"

"Na kama walilisoma?"

"Basi walilisoma. Sasa unataka tuchomwe na tunyamaze pia?"

Sellah akaichomoa fomu mfukoni mwa Kinyua, akaomba kalamu kwa mwingine, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole. Kisha akasita.

"Hapa wanauliza makao. Niandike wapi, fundi? Kule kwetu, ama hapa kanisani?"

Kinyua aliutazama mlolongo, nafasi zile zilizo wazi. Aliichukua fomu mkononi mwa Sellah, akaikunja.

"Usiandike popote, mama."

"Kumbe si wao unaowaogopa," Sellah akasema. "Unatuogopa sisi."

Fomu ile haikufika Kitale, na yule aliyetangazwa mwaka wa mlolongo akapita bila kupingwa.